Huduma ya kupulizia dawa Ngaramtoni: huyu baba anaanza na kupe, panya baadaye

Naandika hii kwa ajili ya watu wa huku Arusha, Ngaramtoni, Sakina, Kisongo na huko kote, hasa mnaoweka mahindi ndani kama mimi, maana kila mwaka tukishavuna panya wa shambani wanahamia majumbani na sisi wote tunakimbilia sumu. Mimi nilikimbilia sumu nikajuta.

Mwaka jana niliita vijana wa kampuni moja, jina naliacha, wakaweka sumu juu ya dari na stoo, dakika ishirini wamemaliza, elfu themanini yao wakaondoka. Panya walikufa kweli, hilo siwanyimi. Kama siku ya nne harufu ikaanza kushuka kutoka darini halafu tukaanza kuona vidudu vidogo mno vya kahawia ukutani, kwenye shuka, mpaka kwenye soksi za mtoto, na sikuelewa vimetoka wapi.

Wiki ya pili kijana wangu wa miaka 14 akashikwa na homa kali, kichwa, mwili wote unauma. Zahanati ya kwanza wakapima malaria hakuna kitu, wakasema basi ni UTI, akameza dawa siku tano na homa ipo palepale. Tulipoenda sehemu nyingine daktari, binti mdogo tu Mungu ambariki, alimkagua mwili mzima akakuta nyuma ya goti kidonda kidogo chenye kigaga cheusi katikati, na mitoki imevimba. Akaniuliza mama, nyumbani kuna mbwa? ng'ombe? panya? Akasema hii inaonekana ni homa ya kupe, bakteria wanaitwa riketsia, akamwandikia doksisaiklini. Siku ya pili jioni mtoto akaomba ugali.

Ndio akaniambia kuna utafiti ulifanyika hapo Moshi 2007 hadi 2008, wagonjwa 870 waliolazwa na homa, na 528 kati yao walidhaniwa wana malaria lakini waliokuwa nayo kweli ni 14 tu! Kwenye hao waliolazwa, watu 36 walikutwa na riketsia za jamii ile inayoenezwa na kupe, na wengine 40 walikuwa na leptospira, bakteria wanaopatikana kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine. Mimi ni wa huku huku na nimekua nikimeza dawa ya malaria kila nikipata homa, kwahiyo hizo namba ziliniuma sana.

Sasa huyu fundi. Nilielekezwa na jirani, ni mzee wa makamo, bomba lake mgongoni, anafanya na kijana wake. Nilimwambia shikamoo baba, nina panya, akajibu marahaba mwanangu, halafu hata bomba hakugusa, akaomba ngazi na tochi. Alikaa darini karibu saa nzima akashuka na kiota cha panya ndani ya mfuko wa plastiki amefunga vizuri, akanionyesha kupitia mfuko, viroboto na kupe wachanga wa miguu sita. Akasema panya ni nyumba ya hawa, ukivunja nyumba wapangaji watahamia wapi kama sio kwako? Pale pale nikakumbuka zile soksi.

Alinieleza vizuri kuliko nilivyotegemea. Kwamba kupe akitoka kwenye yai mara nyingi anaanza na mnyama mdogo kama panya, akishiba anadondoka, anajibadilisha ngozi, kisha anatafuta mnyama mwingine, na kama yule wa kwanza alikuwa na bakteria kwenye damu anaweza kwenda nao. Wengine wanarithishwa na mama yao kwenye yai. Akaenda pia kwenye jiko la zamani la mama mkwe, la udongo, akachokonoa nyufa zote kutafuta papasi, maana papasi naye ni kupe ila wa ngozi laini, tofauti na hawa, anajificha kwenye ufa, anakuja usiku anakunyonya damu umelala tu huna habari, kabla ya saa kuisha ameshaondoka, na anaweza kukaa miaka bila kula. Homa yake inapoa siku chache inarudi tena. Hakukuta papasi lakini nyufa akanilazimisha nizizibe kwanza.

Kazi yenyewe: siku ya kwanza dawa ya wadudu darini, stoo, kwenye mashimo, banda la mbwa, na akagoma kuanza mpaka mbwa aogeshwe dawa ya kupe siku hiyohiyo. Baada ya siku tano akarudi na mitego, sumu hataki ndani ya nyumba, mizoga anaiokota na glavu, anaifukia. Wiki ya tatu akarudi bure kukagua. Mahindi nimehamishia kwenye mapipa ya bati yenye mfuniko, hilo nalo ni agizo lake.

Nimelipa laki moja na hamsini. Ni karibu mara mbili ya wale wa kwanza na kwa mwenye nyumba ya kupanga najua inauma, ila nikipiga hesabu ya nauli, vipimo na dawa za mwanangu nilishatoa zaidi ya hiyo. Mapungufu yapo: alichelewa masaa mawili siku ya kwanza bila kupiga simu, risiti nilimdai mara tatu ndio akaleta, na hakuniambia mapema kwamba tutalala nje ya nyumba usiku mmoja, ikabidi niombe kwa wifi yangu saa kumi na moja jioni na watoto watatu. Baba kama unasoma hapa, hilo waambie wateja siku mnapopatana.

Nampa nne kati ya tano. Nimeshaweka nafasi tena kwa mwezi wa saba, kabla mahindi hayajaingia ndani, na safari hii anaanzia kwa jirani maana ukuta wa stoo zetu ni mmoja.