Pembe ya Pinard au dopla?

Wakunga wengi Uganda bado wanatumia pembe ya Pinard kusikiliza moyo wa mtoto aliye tumboni wakati wa uchungu: unaiweka tumbo la mama, unabana sikio, unahesabu mapigo huku ukitazama saa. Haihitaji betri wala jeli, na ikianguka unaiokota tu. Shida yake ni sikio lenyewe. Wodi ikijaa kelele, au mama asipoweza kulala chali, mapigo hupotea.

Dopla, kifaa cha umeme kinachotoa mapigo hayo kwa sauti, humsikilizisha hata mama mwenyewe. Uso hubadilika pale anaposikia ule mlio wa haraka, kama farasi anayekimbia. Betri ikiisha, basi. Ila zipo za kuzungusha kwa mkono, na moja ililinganishwa na Pinard katika hospitali ya Nsambya, Kampala, kwenye utafiti uliochapishwa 2015. Dopla iligundua mapigo yasiyo ya kawaida mara nyingi zaidi, lakini vifo vya watoto havikupungua kwa kiasi cha kuonekana.

Mimi ningechukua dopla. Lakini mapigo yakitoka nje ya 110 hadi 160 kwa dakika na daktari wa upasuaji yuko mbali, kifaa kimekuonyesha tu hatari. Na mkunga mmoja mwenye akina mama sita, atasikiliza kila nusu saa vipi?