Uzoefu wangu: MGB ya 1976 iliyowekwa injini ya Camaro

Kama unataka gari dogo la wazi la Kiingereza la kuendesha kweli, si la kufunika turubai na kulisubirisha maonyesho ya Jumapili, nakushauri utafute MGB ambayo tayari imeshawekwa V6 (injini ya silinda sita) ya General Motors, kisha utenge fedha za kumalizia yale ambayo aliyeiweka hakuyamaliza. Yangu ni ya 1976. Injini ni ya lita 3.4 na gia boksi ni T5 ya gia tano, zote kutoka Chevrolet Camaro ya 1994, gari la michezo la General Motors. Niliinunua ikiwa imeshafanyiwa kazi hiyo, kwa dola 14,000, hapa Virginia ninakoishi.

MGB ilianza kutengenezwa Abingdon, Uingereza, mwaka 1962, na uzalishaji ukakoma 1980. Zilitoka zaidi ya nusu milioni na nyingi zilivuka bahari kuja Marekani. Za mwanzo zilikuwa na injini ya silinda nne, cc 1798, kabureta mbili za SU na nguvu za farasi 95. Halafu zikaja sheria za Marekani za moshi na bampa. Kufikia 1975 gari la soko hili lilikuwa limebaki na kabureta moja, nguvu za farasi sitini na kidogo, bampa nyeusi za mpira, na bodi iliyoinuliwa ili bampa na taa zifikie kimo kinachotakiwa. Ukiendesha la miaka hiyo likiwa na injini yake ya awali kwenye barabara kuu, lori likakukaribia nyuma, unakanyaga mafuta na hupati kitu. Bila overdrive (gia ya ziada ya kupunguza mizunguko ya injini), kwa mwendo wa maili 70 kwa saa injini inapiga karibu mizunguko 3,900 kwa dakika, na wewe na abiria wako mnaongea kwa kupaza sauti.

Wapenzi wa MG wanaoshikilia uasili wameshaniambia kwamba nimenunua gari lililoharibiwa. Siwakubalii, na historia ya kiwanda chao iko upande wangu. Kati ya 1973 na 1976 Abingdon wenyewe waliiwekea MGB GT injini ya V8 ya Rover ya lita 3.5, wakaunda 2,591. Na V8 hiyo ya Rover ilizaliwa Marekani: ni Buick ya aluminiamu ya mwaka 1961, ambayo General Motors waliacha kuitengeneza na Rover wakanunua haki zake. Damu ya Marekani ilishaingia kwenye gari hili kabla sijazaliwa. Shida ni kwamba kiwanda kiliiweka V8 hiyo kwenye magari ya paa la chuma peke yake, na hazikuuzwa rasmi Marekani. Aliyetaka la wazi lenye nguvu hapa ilibidi alitengeneze. Heri ni kwamba bodi za enzi ya bampa za mpira zilikatwa chumba cha injini kinachoweza kupokea V8, hivyo V6 inaingia bila kubomoa nusu ya gari.

Tazama tena takwimu. MGB GT V8 ya kiwandani ilitoa nguvu za farasi 137 na msukumo (torque) wa pauni-futi 193. V6 yangu ilitoka kwenye Camaro ikiwa na 160 na 200. Kwa msukumo ni karibu sawa na kile ambacho wahandisi wa Abingdon waliona gari linaweza kukibeba. Ndiyo maana nimeridhika nayo kuliko V8 kubwa. Nimewahi kuendesha MGB yenye Ford 302 ya chuma. Inaruka, sikatai, lakini pua ni nzito, na kwenye kona unashindana na usukani. Hii V6 ni ya chuma pia, lakini uzito wake haupishani sana na ile silinda nne ya zamani, kwa hiyo usukani umebaki mwepesi na gari linageuka pale pale unapolielekeza. Utamu wote wa MGB uko hapo, na haukupotea.

Ninaliendesha zaidi Blue Ridge Parkway, barabara ya milimani ya maili 469 inayotoka Virginia hadi North Carolina na kupita karibu kabisa na Roanoke. Malori ya biashara hayaruhusiwi na mwendo wa juu ni maili 45 kwa saa, hivyo si mahali pa mbio. Unaweka gia ya tatu na unaiacha humo. Mlima ukija unakanyaga kidogo tu, gari linapanda bila kulalamika, paa liko chini na harufu ya misonobari imekujaa puani. Siku ukilazimika kushika barabara kuu, gia ya tano inaishusha injini chini ya mizunguko 3,000 na unaenda na wenzako. Asubuhi ya baridi kali unapiga stata mara moja, linawaka. Kwa gari la umri huu, mimi hilo nalihesabu kuwa jambo kubwa.

Sasa kasoro. Iliyonisumbua kuliko zote ni ya mafuta, na naieleza kwa kirefu kwa sababu nimeiona kwenye magari mengine ya aina hii. Kabureta ina kibakuli chake cha akiba, kwa hiyo mafuta yakihamia upande mmoja wa tanki kwa sekunde chache injini haina habari. Injini ya nozeli kama hii V6 inataka shinikizo la zaidi ya psi 40, bila kukatika hata kidogo. Gereji iliyofanya kazi kwenye gari langu iliweka pampu mpya yenye nguvu, lakini ikaacha tanki la zamani ambalo ndani halina vizuizi. Mafuta yakishuka kufika robo, kwenye kona ndefu yanakimbilia pembeni, pampu inanyonya hewa, injini inakohoa na kuzima katikati ya kona. Kwenye barabara ya mlimani hiyo ni hatari ya maisha. Fundi wangu, kijana wa Bujumbura mwenye mikono mitulivu, alifunga kitanki kidogo cha akiba: pampu ndogo inakijaza muda wote, na pampu kubwa inavuta kutoka humo. Tangu hapo haijakohoa. Alipolijaribu mara ya kwanza alirudi akitabasamu, akasema, “Kaka, hili gari linadanganya watu kwa umbo lake.”

Joto ni la pili. Mabomba ya ekzosi yanapita karibu na shafti ya usukani na karibu na miguu, na Julai ya Virginia haina huruma. Nimeyafunga kitambaa cha kuzuia joto na kutandika kinga sakafuni, kumepungua, hakukuisha. Geji ya mwendo ya Smiths nayo inazungushwa na kebo, wakati T5 hii inatoa ishara ya umeme, kwa hiyo ilikuwa imekufa mpaka nilipoipeleka kubadilishwa matumbo. Breki za mbele nilizibadilisha mara moja kwa diski kubwa zaidi, na sioni sababu ya mtu kusubiri.

Ukienda kukagua moja, fungua boneti uangalie waya kabla ya rangi. Uliza kama kompyuta imeondolewa ule ulinzi wa wizi wa Camaro, maana bila hivyo inasubiri ishara ya ufunguo wake na haitaruhusu injini iwake. Liendeshe kwenye kona ukiwa na mafuta kidogo. Kwa wa California, sheria inasamehe ukaguzi wa moshi kwa magari ya 1975 kurudi nyuma. La 1976 kama langu litakutia kwenye mlolongo wa vibali. Na omba orodha ya kila spea ya injini iliyotumika. Duka la spea la mtaani kwangu wana plagi, sensa na mikanda ya hii injini. Nawatajia Camaro ya 1994, lita 3.4, na siku hiyo hiyo nimerudi barabarani.