Bomba la elektroni na koili za Helmholtz: uzoefu wangu maabara

Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita. Kwa miaka mingi mada ya mwendo wa chembe zenye chaji nimeifundisha kwa chaki: misalaba kwa uga wa sumaku unaoingia ubaoni, nukta kwa unaotoka, kanuni ya mkono wa kushoto, kisha maswali ya mitihani iliyopita. Wanafunzi hukokotoa vizuri tu, ila ukiwauliza elektroni inapita wapi wanakutazama. Hatimaye shule ikanunua seti ya kupimia uwiano wa chaji na tungamo la elektroni. Ni ya mtumba, kwa sababu mpya bei yake inafika mamilioni ya shilingi.

Seti yenyewe ni tufe la kioo (ndilo bomba lenyewe) lenye gesi kidogo mno ya heliamu, limekaa katikati ya koili mbili, zinazoitwa koili za Helmholtz. Kila koili ina mizunguko 130 na nusu kipenyo cha sentimita 15, na zimeachana kwa umbali uleule wa sentimita 15. Mpangilio huo ndio unaofanya uga wa katikati uwe karibu sawa kila mahali. Katodi, yaani ncha hasi inayotoa elektroni, inapashwa moto kwa volti 6.3, halafu anodi, ncha chanya, inazivuta elektroni kwa volti 150 hadi 300.

Zima taa, funga mapazia, subiri katodi ipate moto. Kwanza utaona mstari mwembamba wa kijani chenye ubluu, umenyooka. Ongeza mkondo wa koili taratibu: mstari unapinda, unapinda zaidi, halafu unafunga na kuwa pete. Darasa langu lilipiga kelele hadi mwalimu wa kemia akaja kuchungulia. Waambie mapema kwamba elektroni zenyewe hawazioni. Mwanga ule ni wa atomi za heliamu zinazogongwa njiani.

Thamani ya kifaa hiki kwangu iko kwenye maswali kinayozua. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama sumaku inaisukuma elektroni muda wote, mbona haiiongezei kasi? Swali hilo ubaoni sijawahi kuulizwa. Kani ya sumaku iko pembe mraba na mwendo daima, kwa hiyo haifanyi kazi yoyote juu ya elektroni, inaigeuza tu. Kasi inatoka kwenye uga wa umeme. Kwa volti 200 elektroni inatoka kwenye anodi kwa takribani mita milioni 8.4 kwa sekunde, na mkondo wa koili wa ampea 1.5 unaipa pete yenye nusu kipenyo cha kama sentimita 4. Panda kutoka volti 150 hadi 300 bila kugusa koili, pete inakua mara 1.4 hivi. Wengi walibashiri mara mbili.

Hapo wape swali la pili: pete kubwa na pete ndogo, ipi inazungukwa kwa muda mrefu zaidi? Muda ni uleule, kama nanosekunde 30 kwa ampea 1.5, maana aliye na njia ndefu ana kasi kubwa kwa kiwango kilekile. Saiklotroni ya Ernest Lawrence kule Berkeley, Marekani, mashine ya kuzipa chembe kasi kwa kuzizungusha, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ilisimama juu ya jambo hilo. Kisha zungusha bomba kidogo kwenye tundu lake, pete inajivuta na kuwa kama springi. Hakuna mchoro niliowahi kuchora unaofikia hapo.

Sasa kero. Kigavi umeme cha koili tulichouziwa pamoja na seti kilikuwa hovyo. Mkondo wake ulikuwa unatetemeka, na pete ikawa nene kama imepakwa. Tulikiweka kando tukatumia betri ya gari ya volti 12 na reostati (kifaa cha kurekebisha mkondo), pete ikawa nyembamba papo hapo. Umeme wa anodi ni suala jingine: volti 300 si za kuchezea, nyaya zote ziunganishwe swichi ikiwa imezimwa, na mwanafunzi asiachwe peke yake hapo.

Kwenye vipimo usitarajie maajabu. Thamani inayojulikana ya uwiano wa chaji na tungamo ni kulombu bilioni 176 kwa kilo, sisi tukapata kama bilioni 185. Nusu kipenyo kinapigwa mraba kwenye fomula, kwa hiyo ukikosea milimita 2 kwenye pete ya sentimita 4 jibu linahama kwa asilimia 10. Tumieni pete kubwa, na usome skeli ya kioo ukiwa umekaa mahali ambapo pete inalingana na taswira yake kwenye kioo hicho. Kuna pia uga wa sumaku wa dunia, ambao huku kwetu ni takribani mikrotesla 33. Uga wa koili kwa ampea 1.5 ni kama militesla 1.2, kwa hiyo wa dunia ni karibu asilimia 3 yake. Tulipogeuza meza mhimili wa koili uelekee mashariki na magharibi, majibu yalisogea karibu zaidi na thamani halisi. Dira ya simu inatosha kupata mwelekeo, ila ipimwe mbali na koili, kisha simu iondolewe mezani.

Kwa shule yenye tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) na chumba kinachoweza kutiwa giza, naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naikata kwa sababu bomba likiungua hakuna fundi wa kulitengeneza, unanunua jingine. Ukichukua ya mtumba kama sisi, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako gizani na afunge pete kamili kabla hujatoa hela. Katodi kuwaka nyekundu peke yake hakutoshi: kama gesi imevurugika mstari hautaonekana.