Uzoefu wangu: Pakaboneti ya sodiamu kwa kusafishia vyombo vya bia ya nyumbani

Kama unatengeneza bia nyumbani na bajeti imebana, poda ya kununua ni pakaboneti ya sodiamu isiyo na manukato. Ndicho kiungo kikuu cha zile poda za "oksijeni" za kuondolea madoa kwenye nguo, na huuzwa pia peke yake. PBW, poda maalumu ya kusafishia vyombo vya bia ambayo watengenezaji wengi huisifu kwa haki, ina nguvu zaidi kwenye uchafu uliokauka, lakini kwa vyombo vinavyooshwa siku hiyohiyo sioni sababu ya kulipia tofauti ya bei.

Soma lebo kabla ya kulipa. Unataka pakaboneti ya sodiamu, au mchanganyiko wake na kaboneti ya sodiamu, yaani magadi ya kufulia. Basi. Ukiona manukato, rangi au ving'arishi vya nguo, rudisha kwenye rafu. Plastiki ya ndoo hunyonya harufu ya sabuni na kuitoa tena polepole ndani ya bia, na mabaki ya sabuni huua povu kwenye glasi. Kwa sababu hiyohiyo situmii sabuni ya vyombo kwenye kitu chochote kinachogusa bia iliyochachuka.

Ikiingia kwenye maji, poda hii huvunjika kuwa peroksaidi ya haidrojeni na kaboneti ya sodiamu. Peroksaidi hushambulia mabaki na madoa, na ualkali wa kaboneti hulegeza protini na utomvu wa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Vyote viwili vinahitaji joto. Wengi wanaosema poda haifanyi kazi wameiweka kwenye maji ya bomba yaliyo baridi. Mimi hutumia maji ya nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi na gramu 4 hadi 5 kwa lita, ambayo ni karibu kijiko kimoja cha mezani kwa lita 3 au 4. Kwa uchafu mzito naongeza hadi gramu 8. Kuzidisha hapo hakuna faida, unajiongezea tu kazi ya kusuuza. Kwa mitungi ya plastiki ya PET sivuki nyuzi 50, maana hupinda. Mtungi wa kioo haupendi mabadiliko ya ghafla ya joto: anza na maji ya vuguvugu, kisha panda taratibu.

Suuza machicha kwanza kwa maji matupu, mara tu baada ya kuhamisha bia. Poda ikitumika kuyeyusha hamira iliyorundikana chini, nguvu yake inaishia huko, na ule ukoko wa povu ulioganda juu ya usawa wa bia unabaki palepale. Ndipo ujaze, uloweke dakika 30 hadi saa moja, na ukoko usiotoka uachwe usiku kucha. Kwa ndoo kubwa si lazima uijaze hadi juu: tengeneza lita chache, lowanisha kitambaa laini na ukizungushe juu ya ukoko, na ukiloweshe tena kila kinapoanza kukauka. Ukoko ukilegea unafutika kwa kiganja. Usiguse plastiki kwa dodoki gumu wala waya wa chuma. Mkwaruzo mdogo tu unatosha kuficha bakteria mahali ambapo dawa haifiki, na ndoo iliyokwaruzwa hivyo haiaminiki tena.

Jambo la usalama ambalo pakiti nyingi hazilisemi kwa mkazo: usifunge kifuniko kwa kubana. Poda inatoa gesi ya oksijeni muda wote inapofanya kazi, na chombo kilichozibwa kinaweza kufyatua kifuniko au kupasuka. Vaa glavu, na usivute vumbi lake.

Mchanganyiko hauhifadhiki. Baada ya saa kadhaa peroksaidi imekwisha na kinachobaki ni maji ya magadi. Kwa hiyo mimi huyazungusha maji yaleyale siku hiyohiyo: ndoo ya kuchachushia kwanza, halafu mipira ya kuhamishia bia na koki, halafu chupa kuukuu (lebo nyingi hujitenga zenyewe), na mwisho sufuria ya kuchemshia ikiwa ni ya chuma cha pua. Sufuria ya alumini haiingii humo, kwa kuwa ualkali huila na kuipaka weusi.

Koki ifungue yote. Nyuma ya washa (ile pete ya kuzuia kuvuja) na ndani ya uzi wa koki ndiko kunakojificha uchafu unaochachusha bia vibaya toleo baada ya toleo, yaani kila unapotengeneza, huku mwenyewe akilaumu hamira.

Kasoro yake kubwa hujitokeza kwenye maji magumu: huacha ukungu mweupe wa chokaa. PBW ina metasiliketi na viungo vinavyozuia hilo. Pakaboneti tupu haina. Ukungu huo unaondoka kwa kusuuza na siki nyeupe iliyochanganywa na maji, kisha maji safi. Ikiwa utelezi bado upo kwenye vidole, hujamaliza kusuuza. Kasoro ya pili ni unyevu: poda ikipata unyevu hupoteza nguvu. Iweke pakavu, na ukiitilia shaka, tia chembe chache kwenye kikombe cha maji ya moto. Zisipochemka vipovu, umebaki na magadi.

Kusafisha si kuua vijidudu. Poda hii nimeipa kazi ya kwanza tu, na pesa inayobaki naiweka kwenye dawa ya pili isiyohitaji kusuuzwa, kama Star San: mililita 30 kwa lita 19, kwa hiyo mililita 8 hivi zinatosha lita 5. Pima kwa sirinji. Lita moja kwenye chupa ya kupulizia inatosha toleo zima: puliza, uso ubaki umelowa dakika moja au mbili, basi. Ni tindikali, na mabaki ya magadi yasiyosuuzwa huivunja nguvu, ndiyo maana nasisitiza usuuzaji.

Dawa ya klorini ya kufulia ni rahisi zaidi na watu huikimbilia. Mimi siitumii. Ikibaki kidogo huungana na fenoli za kimea na kuipa bia ladha ya plasta za hospitali, hata kwa kiasi kidogo mno. Pia hutoboa chuma cha pua. Ukilazimika kuitumia, usiichanganye kamwe na siki wala tindikali yoyote, kwani hutoa gesi ya klorini yenye sumu.

Mipira ni suala jingine. Hakuna poda itakayoutakasa mpira uliobadilika rangi kwa ndani au ulioshika harufu. Usuuze mara tu bia inapomaliza kupita, uuning'inize ukauke ncha zote mbili zikitazama chini, na ukianza kuwa na ukungu, kata kipande kipya.