Mabomba ya maji ya Warumi: risasi au udongo?
Bomba la risasi, ile metali laini, lilianza kama bamba, likakunjwa kuzunguka gogo la mviringo, kisha mshono ukafungwa. Lilipindika kwa urahisi, ila lilikuwa ghali na lilihitaji fundi maalumu.

La udongo wa kuchoma lilikuwa nafuu, na likiharibika mtu yeyote aliweza kulirekebisha: unene wa vidole viwili, ncha moja nyembamba iingie katika bomba la pili, kiungo kizibwe kwa chokaa hai (isiyozimwa kwa maji) iliyokandwa na mafuta. Udhaifu wake ni kwenye kona za bondeni, bomba linapoacha kushuka au linapoanza kupanda. Hapo Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, alitaka jiwe jekundu lililotobolewa, la sivyo shinikizo la maji hufumua viungo. Majivu yalitangulizwa kwenye maji ya kwanza, yazibe nyufa ndogo.

Kwa maji ya kunywa alichagua udongo, akitaja nyuso zilizopauka za mafundi risasi kama ishara kwamba risasi hudhuru mwili. Hoja nzito, kwa maoni yetu.