Siku tisa Mrembo alilala njaa kwa sababu ya herufi mbili

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyonifanya nishike simu saa hizi wakati duka limejaa wateja wa sukari robo robo. Kama una ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, na kuna mtu anakushawishi ulipie programu ya simu inayopanga chakula cha ng'ombe kwa "modeli ya takwimu", soma hapa kabla hujatuma hela. Jina lao silitaji. Wenyewe watajijua, hasa yule kijana wa huduma kwa wateja.

Nina duka Pasua, Moshi mjini. Nyumbani ni Kibosho, na huko juu kuna ng'ombe mmoja, Mrembo, chotara wa Friziani, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyomsomesha mwanangu wa mwisho. Mimi nashuka na daladala alfajiri, narudi giza limeshaingia. Anayelisha ni kijana wetu wa kazi, na anayesimamia bila kuombwa ni mama mkwe. Niliposikia kuna kitu kinachokupangia kilo za kila chakula kwenye simu, nikaona dawa yangu imepatikana: napanga nikiwa dukani, kijana anapima, maisha yanakwenda.

Kujisajili kulikuwa raha tupu, nisiwasingizie. Wanauliza mzunguko wa kifua cha ng'ombe, unapima kwa futi ya fundi cherehani nyuma tu ya miguu ya mbele. Wanauliza ana wiki ngapi tangu azae, anatoa lita ngapi, una chakula gani nyumbani. Mrembo alikuwa sentimita 168, wiki ya kumi, lita 11 kwa siku. Ikamkadiria kilo 390 hivi. Ikazungusha hesabu zake, ikaleta mgao: matete kilo 7, mgomba kilo 1, pumba za mahindi kilo 2 na nusu, mashudu ya alizeti kilo 1 na robo. Kila mstari una rangi ya kijani na alama ya vema. Unaona kabisa umeingia karne mpya.

Nikanunua mzani wa kuning'iniza Mbuyuni, nikamkabidhi kijana, nikamwambia kuanzia leo hakuna kukadiria kwa macho.

Kijana akaitazama simu. Akamtazama ng'ombe. "Mama, hii si kidogo?"

Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu kwamba hao waliotengeneza wamesoma kuliko mimi na yeye tukijumlishwa. Afuate simu.

Msinicheke. Nimekata majani tangu darasa la tatu, najua mzigo wa kichwani unavyoizamisha shingo mabegani. Ningekuwa mwenyewe bandani na panga mkononi, nisingethubutu kumpa ng'ombe anayekamuliwa kilo saba za matete mabichi. Kilo saba unazikumbatia kwa mkono mmoja na mwingine umeshika ndoo. Lakini sikuwepo. Nilikuwa Pasua napimia watu mchele, na dukani kilo saba za kitu chochote ni nyingi. Na ule mgomba kilo moja! Kijana alikuwa anakata kipande kama nusu mkate, anakining'iniza kwenye mzani, kikizidi anakichonga pembeni mpaka mshale utulie.

Siku ya tatu mama mkwe akapiga simu. "Ng'ombe analia." Nikamwambia anamlilia ndama. Siku ya tano: "Ng'ombe analia usiku kucha, majirani wanauliza kama tumehama." Lita zikashuka tisa, nane, mpaka sita na nusu. Kinyesi kikawa uji. Mama mkwe akasema hamwoni akicheua, mdomo umetulia kama wa mtu aliyeko msibani. Na mama wa mgahawa anayechukua maziwa yangu, mteja wangu wa miaka, akanitazama akasema chai ya siku hizi haina mafuta, juu hakutandi kitu. Akatoa laktomita mbele ya watu wanaokula chapati, akaitumbukiza, ikasimama vizuri tu, maji hayakuongezwa. Hakuniomba radhi, wala mimi sikusema kitu. Lakini tangu siku hiyo anaitumbukiza kila asubuhi, na hilo nalo nawadai wao.

Sasa njooni kwenye simu.

Ilipokelewa mara ya nne. "Ee, nikusaidie nini?" Shikamoo hakuna, habari za kazi hakuna, na sauti yenyewe ya mtoto wa juzi. Mimi nina miaka hamsini na miwili. Nikajishusha, nikaeleza. Akaomba namba ya usajili, akapekua, akasema mgao uko sawa. Nikamwambia ng'ombe analia njaa. Akasema labda ana minyoo. Nikamwambia dawa ya minyoo amepewa karibuni tu. Hapo ndipo alipotoa maneno ambayo hadi leo nikikanda unga nayasikia:

"Mama, modeli imefundishwa kwa ng'ombe wengi sana. Wewe una mmoja. Ng'ombe mmoja si takwimu."

Jamani. Huyo mmoja ndiye niliyemlipia elfu kumi ya mwezi. Hao wengi wana wenyewe. Nikamuuliza kama amewahi kukamua ng'ombe maishani mwake. Akasema "hiyo haihusiani", na simu ikakatika. Najua watasema ni mtandao. Haukuwa mtandao.

Siku ya tisa nikafunga duka mchana, nikamwomba afisa mifugo wa kata aje. Akapanda na pikipiki kwenye lile tope letu la kipindi cha baridi, akaamkia wakubwa kwanza, ndipo akaenda bandani. Kihori kilikuwa kinang'aa kama sahani iliyorambwa. Akamshika Mrembo ubavuni, akaangalia kinyesi, akaniomba simu. Akauvuta ukurasa, akaukuza kwa vidole viwili. Pembeni ya kila kilo kulikuwa na herufi mbili ndogo za kijivu: DM.

"Mama, hizi uliziona?"

Niliziona. Nilidhani wanasema ukiwa na swali uwatumie DM, ujumbe wa faragha, kama kule Instagram.

Afisa alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Mimi siku ile sikucheka.

Kumbe DM ni kifupi cha Kiingereza "dry matter", yaani chakula kikishatolewa maji yote. Wataalamu wanapiga hesabu za ng'ombe kwa ukavu, kwa sababu maji ya kwenye majani hayamjengi ng'ombe chochote, na kila jani lina yake. Matete mabichi, zaidi ya sehemu nne kwa tano ni maji. Mgomba ndiyo usiseme, zaidi ya tisa kwa kumi. Kwa hiyo zile kilo saba zilikuwa karibu kilo arobaini za kukata shambani, na ile "kilo moja" ya mgomba ni kigogo cha kubebwa begani. Pumba na mashudu ni makavu tayari, hayo alikuwa anayapata karibu yote. Yaani Mrembo alikuwa anakula ugali bila mboga siku tisa. Tumbo likachacha, kucheua kukaisha, na mafuta ya maziwa yakapotea kwa sababu yanatokana zaidi na majani.

Sikukubali kirahisi. Kesho yake nikachukua kilo moja ya matete, nikayakatakata, nikaweka sufuria pana juu ya mkaa hafifu, nikawa nageuza kama mtu anayekaanga karanga. Jiko zima likajaa mvuke wenye harufu ya mahindi mabichi. Kila baada ya muda napima kwa mzani wa duka, narudisha, nageuza, napima, mpaka mshale ukagoma kushuka. Gramu 170 na kitu. Kilo nzima imebaki ya kujaa viganja viwili, tena nyepesi kama manyoya. Nikasimama pale nikakikumbuka kile kipande cha mgomba kilichochongwa pembeni.

Na hapa ndipo hasira yangu inapoharibika, maana hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Afisa alichukua kalamu akanionyesha nyuma ya bahasha. Kuna kitabu cha Marekani cha mahitaji ya ng'ombe wa maziwa, toleo la 2001, chenye kanuni ya kukadiria ng'ombe atakula kiasi gani kwa siku kutokana na uzito wake, maziwa yake na wiki tangu azae. Toleo jipya limetoka 2021. Akamwingiza Mrembo kwenye kanuni ya lile la zamani, akapata kilo 11 nukta 7 za ukavu. Jumlisha mgao wa programu: 11 nukta 75. Nilitamani sana wawe wamekosea. Nilitamani hata kilo mbili tu.

Tena alinionyesha pa kuwalaumu kihalali, na napaandika hapa kwa furaha. Kanuni hizo chimbuko lake ni Friziani wa kule, wa kilo 600 na zaidi, wanaokula majani yaliyopimwa maabara. Ukiishusha kwa chotara wa Kibosho anayekula migomba unapata makadirio, na makadirio yanatakiwa yasemwe kwamba ni makadirio, yasije na alama ya vema ya kijani. Halafu kwenye programu matete ni matete. Ya urefu wa kiuno na yaliyozeeka yakawa fimbo, kwao ni kitu kimoja, wakati protini inashuka kadiri yanavyokomaa na kila mwanamke wa huku anajua ng'ombe anavyoyabagua yale magumu.

"Hesabu inakupa ng'ombe wa wastani," afisa akaniambia. "Wa kwako utamsoma kihorini. Akisafisha kihori chote, ongeza majani. Akibakiza kidogo, umefika."

Nimekaa nikafikiri, hayo si ndiyo maneno ya yule kijana wa simu? Ng'ombe mmoja si takwimu. Ni yaleyale kabisa. Ila mmoja aliyasema akiwa na tope hadi magotini, na mwingine akanikatia simu.

Basi tukarekebisha. Majani kwanza, pumba na mashudu tukapunguza kisha tukarudisha polepole. Kijana sasa analeta mizigo miwili mizito ya matete kwa siku na kigogo cha mgomba. Baada ya wiki tatu hivi lita zikarudi kumi na moja. Zikaenda kumi na mbili. Kuna asubuhi na jioni moja zilifika kumi na tatu, nikadhani kijana amekosea kuhesabu. Na kabla ya programu nilikuwa namjaza pumba karibu kilo tano bila mashudu hata kidogo, kwa kuwa mashudu ni ghali. Wao ndio walioniambia nikate pumba nusu niweke mashudu. Daftari langu la duka halina upendeleo: gharama ya chakula kwa kila lita imeshuka kuliko mwanzo.

Sasa niwape nyota ngapi? Nilianza kuandika nikiwa na moja. Nilipofika kwenye daftari nikaona nne ni haki yao. Nimemkumbuka yule mtoto na ile "ee" yake, narudi mbili. Mama mkwe anasema yeye alisema ng'ombe ana njaa siku ya tatu na hakudai elfu kumi, kwa hiyo nyota zote ni zake.

Kijana wa kazi sikumwomba radhi kwa maneno. Nilimnunulia gambuti mpya. Alizipokea, akazivaa, akaandika kwa mkaa kwenye ubao wa banda: MATETE MIZIGO 2, MGOMBA 1. Mzani ameutundika jikoni, unapimia kuku wa kuuza.

Kifurushi nimelipia tena, msiniulize kwa nini. Jana nimeifungua kuangalia kama wamerekebisha. Wamebadilisha rangi, kijani imekuwa bluu, na wameweka picha ya ng'ombe anayetabasamu. DM iko palepale pembeni, ya kijivu, ndogo kuliko mwanzo.