Timazi ya kutafutia jua la utosini

Timazi, yaani uzito unaoning'inizwa kwa uzi ili kupata wima, zinazopatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Kisumu na Nakuru ni za aina mbili. Ya chuma, butu, inayouzwa pamoja na kibao chake, ni ya mwashi, na kwa ukuta haina mpinzani. Kwa jua haifai, maana haina ncha. Chukua ya shaba yenye ncha kali, gramu 300 hadi 400.

Kabla ya kulipa, ining'inize juu ya nukta iliyochorwa kwenye karatasi, uizungushe taratibu. Ncha ikibaki pale pale, lipa. Ikichora duara, tundu la uzi halikutobolewa katikati, na hilo halina dawa. Uzi wa nailoni wa kusokotwa nao hujifungua na kuisokota timazi. Badilisha utie wa kusukwa.

Kifaa hiki kinalieleza neno zeniti vizuri kuliko picha yoyote ya kitabuni. Urefushe uzi kwa mawazo kwenda juu: unakofika mbinguni ndiko zeniti. Waarabu walisema samt ar-ra's, yaani njia ya kichwa. Ra's hiyo ndiyo iliyomo katika rasi na rasilimali zetu. Samt ilipoingia Kilatini, wanakili waliichukua m, yenye miguu mitatu, wakaisoma ni. Kosa hilo la kalamu ndilo lililozaa cenit, kisha zenith. Maana ya kilele cha mafanikio ilifuata baadaye, kwa kufananisha. Nasi tunasema jua la utosini: kichwa kile kile, bila kosa la mnakili.

Ncha ya chini inaelekea kinyume cha zeniti, kwa Kiarabu nadhir, kilichoelekeana na kingine. Neno hilo ni ndugu wa nadharia. Nadiri yetu, yenye maana ya adimu, ni ya mzizi mwingine kabisa, tusizichanganye.

Kilele na utosi navyo si kitu kimoja. Kila siku jua hufika kileleni mwa safari yake, lakini Juni hupita digrii 23.4 kaskazini mwa utosi wetu, na kijiti cha mita 1 hutupa kivuli cha sentimita 43 kuelekea kusini. Utosini hasa hufika mara mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Machi na 23 Septemba. Wala usingoje saa sita kamili. Saa zetu hufuata longitudo ya digrii 45, ilhali Kisumu iko karibu 34.75, kwa hiyo Machi ni saa sita na dakika 48 hivi, na Septemba dakika 33. Nakuru hutangulia kwa dakika 5 hivi.

Timazi usiitundike kwenye miti mitatu iliyofungwa pamoja. Wengi hukosea hapo: kichwa cha miti kinakaa juu ya uzi, na jua likifika utosini kinaifunika timazi kwa kivuli chake. Tandaza waya mwembamba kati ya nguzo mbili, mita 1.2 kutoka chini; kivuli chake kitafifia chenyewe. Toboa kiduara cha katoni cha sentimita 5, kipitishe kwenye uzi na ukifunge mita 1 juu ya ardhi, kikae sawa bila kuinama. Ncha ikaribie kugusa udongo. Kivuli cha kiduara husogea milimita 4 hivi kwa dakika kuelekea mashariki, kikipanda mabega ya timazi mpaka kiizunguke kama pete, upana sawa pande zote. Ukingo wa pete utakuwa na ukungu wa milimita 9. Jua lina upana wa nusu digrii, hivyo timazi haina kosa. Ukikosa siku moja, pete huhama milimita 7 kaskazini au kusini.

Upepo wa ziwani ukiisumbua, simamisha gunia upande unaovuma. Saa hiyo gunia halitakuzibia jua.